Chanjo za Jumanne

Mdogo wangu,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mkanda wa suruali wa kaka yako umekatika. Wifi yako anauliza nitajifungua lini.

Sasa acha kucheka. Chanjo zilizofika kliniki yenu Jumanne nilizileta mimi. Adhuhuri niliegesha lori nilale kidogo, mashine ya baridi ikanisumbua kwa kelele, nikaizima. Nilipoamka saa tisa, kipimajoto kilionyesha nyuzi ishirini na sita. Nikaiwasha mashine, nikangoja baridi irudi, nikajaza fomu kwamba zilikuwa nyuzi nne safari nzima.

Nesi akanisifu, “Mzee, wewe huna kasoro!” Nikacheka naye.

Kesho yake mjukuu wetu akachomwa chanjo hizo. Mrudishe achanjwe upya, na uwape manesi waisome barua hii.

Kaka yako