Marhamu ya Mgongoni

Jumatatu, 4 Machi

Herufi M ya kamusi yetu inakwenda kwa mchapaji Ijumaa, na leo kutwa tumekwama kwenye marhamu! Kamusi ya zamani inasema "dawa ya kupaka", basi. Ya kupaka ipi jamani — hata ya kunguni hupakwa. Mimi nataka "dawa laini ya kutuliza maumivu". Mkato — mkuu wetu, jina tulimpa kwa anavyoipenda alama hiyo — anashikilia "ya kuponya". Hatukusikilizana.

Jioni dada kapiga simu. Mkanda wa jeshi, ule upele wa malengelenge, umemshika mgongoni, analala kifudifudi. Dawa kapewa, kopo la marhamu, ila mkono wake haufiki, na tangu shemeji afariki anaishi peke yake. Nikamwambia kesho nitapita.

Jumatano, 6 Machi

Sikupita. Asili ya neno imenila siku mbili. Tumelipata kwa Waarabu, marham, hapo hakuna ubishi. Lakini wapo wanaolirudisha nyuma zaidi, mpaka kwa Wayunani: malagma, kitu cha kulainisha. Kulainisha! Basi nimepatia mimi, si Mkato. Nimetamba ofisini kama jogoo.

Nikampigia dada, maana kopo analo yeye. Nikamuuliza: inatuliza au inaponya?

Akacheka kidogo. "Njoo unipake, utajua."

Safi sana! Nikaiandika papo hapo. Mfano: Njoo unipake marhamu. Fupi, hai, ya mtu halisi. Hata Mkato kaipitisha bila kuigusa.

Ijumaa, 8 Machi

M imeondoka. Tukanywa soda, tukapongezana.

Nafunga droo, sentensi ile ikanijia kwa sauti yake. Alikuwa ananiita! Wiki nzima mtu ananiita, mimi namfanya mfano. Mjinga mkubwa mimi.

Nikapiga simu. Akasema nisijisumbue, kashapata njia ya kujipaka. Sauti imechoka. Basi la mwisho la kwenda kwake limeshaondoka. Kesho asubuhi na mapema.

Jumamosi, 9 Machi

Niko kwake. Naandika jikoni, maji yanachemka.

Njia yenyewe ni mwiko wa ugali. Kaufunga kitambaa, kautia dawa, kajisugua mgongo mbele ya kioo. Malengelenge yamepasuka karibu yote, mengine yanatoa usaha. Niliangalia ukuta. Hakunilaumu. Aliuliza kama kazi imekwisha, nikasema imekwisha, akasema afadhali, eti nilikuwa nimechoka sana. Mimi ndiye niliyechoka! Heri angenitukana.

Nimenawa, nimefungua kopo. Kisha nikasoma karatasi yake, mazoea ya kazi: usipake penye kidonda kilicho wazi. Itabidi nimpeleke kwa daktari. Sijamwambia bado. Namwambiaje?

Kashakaa kitandani, nguo kaishusha mpaka kiunoni, mgongo kauelekeza mlangoni.

"Mdogo wangu," anaita, "hata mikono ikiwa na baridi, wewe nipake tu."