Jiwe Lisilo na Jina

Connecticut, Machi 1814

Dada yangu Keziah,

Natumai kile kikohozi kimekuacha. Mimi sijambo. Shuleni bado ni uji wa mahindi asubuhi na jioni, na Kifaransa changu kinachechemea vilevile.

Picha yangu ya maombolezo inakaribia kwisha. Hapa kila msichana hushona moja kwa hariri: mti umeinamisha matawi, mwanamke analia, na kaburi lenye jina la marehemu wa kwao. Kwa kuwa kwetu sote tu wazima, jiwe langu nililiacha jeupe. Drusilla, ninayelala naye chumba kimoja, hakunipa raha.

"Kwani kwenu hamfi? Basi nikuazime babu yangu, mimi ninao wawili!"

Jana mwalimu mkuu, Bibi Thorndike, alinikuta nashona, akaniwekea mkono begani. Yule hamgusi mtu.

"Mwanangu, baba yako yuko njiani. Hilo jiwe usiliguse, mchoraji atakuja kuandika jina."

"Jina gani, Bibi?"

"Wewe maliza majani kwanza."

Tangu hapo Drusilla hanitanii. Leo kanipa mkate wake, na siagi yote juu. Dada, mkate huo umenitisha kuliko maneno ya Bibi.

Kama baba yuko njiani, basi si baba. Niandikie mwenyewe, kwa mkono wako, hata neno moja tu. Tangu jana namlilia mama, na Mungu anisamehe, naomba awe ni yeye.

Mdogo wako anayekungoja,
Lovina