Sarafu Bado Iko Juu ya Barafu

Chebet wangu,

Tangu tukuzike Rongai sijamwamini mtu katika maabara hii. Hata chai siku hizi naenda kunywea nje. Utanicheka, najua, ulizoea kuniambia nina macho ya askari wa geti. Nisikilize kwanza.

Jumatatu baada ya mazishi, Daktari, msimamizi wetu, alituita wote tunaotumia maabara ya pamoja. Akasema stima ilipotea wikendi nzima tulipokuwa kwenu, friza kubwa ikayeyuka, na sampuli zako za majani ya mahindi zikaharibika. Boksi zima ameshalitupa. Aliyasema kwa upole, mkono wake begani mwangu. Nililia mbele yake, Chebet. Miaka miwili ya kuzunguka mashamba ukitafuta kinachoua mahindi ya watu, yote kwenye pipa!

Machozi yalipokauka nikajiuliza, mbona za wenzetu wanaopima udongo, zilizo kwenye friza hiyo hiyo, hazikuharibika? Mbona zako tu?

Ndipo nikakumbuka kikombe chako. Kile ulichojaza maji, ukayagandisha, ukaweka sarafu juu ya barafu na kukificha nyuma kabisa ya friza. Barafu ikiyeyuka sarafu inazama, na stima ikirudi inagandia huko huko chini. "Watu watakuambia mambo, Wambui," ulisema, "lakini hii barafu haina mjomba hapa."

Nilikitoa nikakiinua kwenye mwanga. Sarafu bado iko juu. Friza haikuyeyuka hata kidogo.

Nikakirudisha nyuma ya friza. Kikulacho ki nguoni mwako, na Daktari ndiye anayetia sahihi karatasi zangu. Wiki iliyofuata akaniita ofisini. "Wambui, kuna sampuli mpya zimetoka pande za Rongai. Chukua wewe, hiyo ikuwe thesis yako, na makala tutachapisha mimi na wewe." Akanipa boksi. Vichupa vimeandikwa upya, kwa mwandiko wake. Nilipolifungua nikahesabu mashimo ya vichupa. Shimo la kumi na saba ni tupu. Unakumbuka nani aliangusha kichupa cha kumi na saba sakafuni? Ni mimi, na wewe ukakataa pengo lile lizibwe, ukasema lile ni shamba la mtu, haliwezi kusahauliwa. Hilo ni boksi lako, Chebet.

Sasa nikuambie jambo baya. Sikumrudishia. Nilikaa nalo siku mbili, na katika siku hizo nilifungua faili mpya kwenye kompyuta, nikaandika kichwa cha kazi, nikaandika jina langu chini yake. Nilikuwa namshuku kila mtu isipokuwa mimi. Nilijiambia wewe huhitaji tena cheti, na mimi nyumbani wananisubiri nimalize.

Kisha mama yako akapiga simu. "Wambui, yale majani ya kwetu yalisema nini?" Nikamjibu yaliharibika. Akasema tu, "Sawa, mama," akanishukuru kwa kusumbuka. Nilibaki nimeshika simu, aibu imenijaa.

Kesho kuna mkutano wa wote wanaotumia maabara. Kabla Daktari hajafungua kinywa nitaweka kikombe na boksi mezani, nieleze pengo lile lilitoka wapi. Naogopa, Chebet. Anaweza kuniharibia masomo, na sidhani kuna atakayesimama nami. Hata hawa wanaonisalimia kwa furaha leo, sijui nani kati yao alijua akakaa kimya.

Jina langu nimelifuta kwenye ile faili, nimeandika lako. Wakinifukuza nitakuja Rongai kesho kutwa, wasiponifukuza nitakuja Jumamosi. Kwa vyovyote nitaketi mbele ya mama yako, nimwambie kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba majani yapo, na kwamba nilimdanganya.

Kwaheri, rafiki yangu. Pumzika, hii zamu niachie.

Wambui