Swali Nililouliza kwenye Phonie

Siku ya tatu ya juma, saa tisa ya muchana. Mvua imenyesha tangu asubuhi. Ziwa halionekani, ni kijivu tu mpaka ng'ambo.

Niko kwenye cyber ya Nyawera, mbele ya kompyuta, mashini ambayo niliapa sitaigusa. Mwenzangu anayefundisha hesabu ndiye alinifungulia ukurasa huu. Aliniambia niandike, eti mutu anapona kwa kuandika. Nilimucheka, nikamwambia mimi ni mutu wa karatasi. Leo nimekuja mwenyewe bila kuitwa, juu nyumbani siwezi kukaa, na karatasi papa yangu angeiokota na kusoma.

Bon. Niseme.

Bibi yangu Nabintu iko Shabunda na mutoto wetu wa kunyonya. Alienda kwa ndege ndogo kuuguza dada yake. Tulisema majuma mawili. Vita ikafunga njia nyuma yake, na sasa ni miezi nane. Barabara hakuna, barua hakuna. Mimi nimebaki hapa mujini, mutaa wa Cimpunda, na mutoto wetu mukubwa, mwenye miaka munane, pamoja na papa yangu, muzee ambaye mupaka leo analima viazi vyake nyuma ya nyumba na kunisahihisha kila ninapofungua mudomo.

Siku ya Mungu, baada ya misa, padri akatangaza. Ndege ya watu wa misaada itaenda Shabunda mara moja tu, irudi na wamama wenye watoto wachanga na wagonjwa. Nafasi ni chache. Kila mwenye kutaka kupanda, lazima mutu wa jamaa yake hapa mujini amusikie kwa phonie na aseme: ndiyo, ni wangu, nitamupokea. Liste ya majina ingefungwa siku ya pili ya juma, saa sita ya muchana. Siku ya pili ndiyo jana.

Kama kuna mutu anasoma hapa ambaye vita haikumufikia, phonie ni ile redio ya kuongea mbali, yenye waya mrefu juu ya paa na batri ya gari chini ya meza. Unavaa kaskio masikioni, unabonyeza, unasema, kisha unasema « à vous » na kuachilia ili mwenzako naye aseme. Siri hakuna. Hapa chumba kimejaa watu wanaongoja zamu, na kule vilevile. Ukimwambia bibi yako unamupenda, parokia mbili zinasikia.

Sasa sikiliza ujinga wangu.

Mimi ninafundisha historia. Juma lililopita niliwafundisha wanafunzi vitu vilivyozaliwa au kukomaa ndani ya vita. Nyama ya mikebe, iliyotafutwa kwa ajili ya maaskari wenye njaa, na ufunguo wa kuifungulia ukachelewa miaka mingi, watu wakawa wanapasua mikebe kwa visu vya bunduki. Saa ya mukono, ambayo wanaume waliiona bangili ya wanawake, mupaka walipokaa kwenye mashimo ya vita na kukosa mukono wa kuchomoa saa mufukoni. Phonie yenyewe niliwaambia ni mutoto wa jeshi. Na nikawachekesha kwa hadithi ya wale wakubwa wa elimu wa zamani, inasemekana walipoonyeshwa mashini ya kwanza ya kutoa sauti ya mutu, walisema ni uongo, kuna mutu amejificha anaongea kwa tumbo. Darasa lilicheka mupaka directeur akachungulia. Nikawaambia kwa majivuno, chaki mukononi, kwamba mwenye kucheka kitu kipya, siku moja kitu kile kitamucheka.

Nilisema mimi. Kwa mudomo huu.

Jana saa nne nilikuwa kwenye nyumba ya phonie, pale parokiani Kadutu. Papa Deo, mwenye kuendesha mashini, aliniita jina, nikavaa kaskio. Nikasikia sauti ya mwanamuke, nyembamba, kama mutu anayeongea ndani ya kidumu kitupu. Ikasema: « Mwalimu, ni miye, Nabintu. Mutoto iko muzima. À vous. »

Moyo wangu ulipaswa kuruka. Haukuruka, na hii ndiyo aibu ninayoiandika. Nabintu ninayemujua anaimba kwaya, akiita mutoto arudi nyumbani mutaa mzima unageuka. Hii sauti ilikuwa kavu, inakohoa katikati ya neno. Na mwalimu, nani haniiti mwalimu? Nikamukumbuka Mama Sifa, jirani yetu. Yeye mwaka uliopita sauti ya phonie ilimwambia ni mwana wake, akatuma chumvi, nguo, blanketi, kila kitu, na mwana mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikwa muda mrefu. Mama Sifa mupaka leo akisikia redio anatoka nje. Nikajiambia, mimi nimesoma, mimi hawatanishika hivyo. Halafu nafasi ile ya ndege, nikimupa mwongo, Nabintu wangu wa kweli atabaki kule kwa kosa langu.

Nikaona niulize kitu kimoja, chepesi, ambacho bibi yangu hawezi kukosa. Nikabonyeza.

« Sema jina la papa yangu. À vous. »

Kimya.

Ilivuma tu mashini. Papa Deo akasogea, akabonyeza yeye, akasema tena « à vous », pole pole, bure. Nyuma yangu wamama walisogea karibu. Nakiri nilikuwa na furaha kidogo, furaha ya mutu aliyemukamata mwizi. Nikavua kaskio nikaliweka mezani. Nikasema, si yeye. Nikachukua mwavuli wangu nikatoka, mvua inapiga mabati, nikapanda kwenda Cimpunda na kifua mbele.

Nilimukuta papa yangu anapalilia viazi na gunia kichwani. Nikamusimulia yote, ninangoja anisifu. Aliacha jembe. Aligeuka, maji yanamutiririka usoni.

« Jina yangu? Ulimuuliza atoshe jina yangu mu kinywa, mbele ya batu? »

Nikasema ndiyo, papa, ni jina rahisi, kila mutu hapa analijua.

« Ni yeye huyo, » akasema. « Mwenye uongo angelisema. »

Nilikaa kwenye matope na suruali yangu ya kufundishia.

Kwa kabila mimi ni Mushi, mwana wa Mushi. Nilikuwa ninajua, tangu nazaliwa nilikuwa ninajua, kwamba muke aliyelelewa vizuri hataji jina la baba mukwe wake. Mama yangu alikufa bila kulitaja la babu. Lakini nimekaa sana na vitabu, nimekaa sana mujini, nikaliona jina kama jibu la mutihani. Na Nabintu, miaka tisa nyumbani mwangu, sijawahi hata kugundua kwamba halitaji. Tena ngoja. Mutoto wetu mukubwa tulimupa jina la papa yangu. Mimi namuita hivyo, masomoni wanamuita hivyo. Nabintu peke yake anamuita Kazee. Nilidhani ni kudekeza tu. Miaka munane mbele ya macho yangu anazunguka jina lile kama mutu anayezunguka kaburi, na mimi, mwalimu wa historia, sikuuliza hata siku moja kwa nini.

Nilikimbia kurudi. Nilianguka mara mbili kwenye ngazi za udongo. Nilipofika, saa sita ilikuwa imepita na liste imekwenda.

Papa Deo hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Alifungua kitabu chake kikubwa, kile anachoandikia kila maongezi, akaweka kidole. Baada ya mimi kutoka, sauti ilirudi. Aliandika alivyosikia, kwa herufi zake nzuri za sekretari: « Ni ile jina ya Kazee. Mwalimu, uko unasikia? Ni ile ya Kazee. »

Aliniambia aliniita kutoka mulangoni, mvua ikazidi sauti yake. Akamwambia Nabintu angoje. Akangoja. Sauti iliuliza mara nyingine kama niko. Yeye Papa Deo hana ruhusa ya kumutambua mutu wa jamaa ya wengine, hiyo ndiyo sheria, nami siwezi kumulaumu. Saa sita ilipogonga, nafasi ikaenda kwa mwanamuke aliyefuata kwenye mustari, mwenye mapacha. Nimejaribu kumuchukia mwanamuke yule. Nimeshindwa.

Ni mimi nilimuacha ameshika mashini, mbele ya watu wote wa kule, mume wake amesema si yeye.

Leo asubuhi saa moja nilikuwa mbele ya mulango wa phonie, kabla ya Papa Deo mwenyewe. Tuliita Shabunda mupaka saa sita. Hakuna. Papa Deo anasema labda kule jua halikutoka, na batri yao ya kutegemea jua imelala. Wamama wanasema wamesikia risasi zimeanza tena upande ule. Sijui nani wa kuamini. Nimejifunza jana kwamba mimi sina akili ya kuchagua nani wa kuamini.

Asubuhi nilimusikia papa yangu anamuita mjukuu wake Kazee. Hajawahi kumuita hivyo. Mutoto aliitika kama kawaida, akauliza kama mama amesema atarudi lini. Nilijifanya natafuta viatu.

Kesho ndege inaenda, kama itaenda. Nitakuwa Kavumu kabla ya jua, kwenye kizuizi cha uwanja wa ndege, na nitamuomba rubani, kwa magoti kama inafaa. Mara nyingine mutu wa liste hafiki uwanjani kule, mara nyingine mutu amekufa, Mungu anisamehe kwa kuomba hivyo. Nimeandika barua ya kumupa rubani. Kwenye karatasi, ndiyo. Ndani yake nimeandika kwamba ninamutambua, kwamba ni wangu, kwamba nitamupokea. Maneno yale yale ambayo jana yalikuwa ya bure na nikakataa kuyatoa.

Lakini kuna kitu kimoja ninachokizungusha tangu asubuhi na hakinitoki. Tuseme Mungu amenisikia. Tuseme phonie imeamka, na Nabintu iko kule, amechoka, mutoto mugongoni, na amejifunza kwangu. Tuseme anabonyeza na kuniambia: wewe unayesema uko mume wangu, sema kitu kimoja ambacho mume wangu tu anakijua juu yangu. À vous.

Nimekaa mbele ya mashini hii saa nzima ninatafuta. Ningejibu nini?