Yai la Samuye

Nyarugusu, Geita
7 Februari 1999

Mayu wangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila upweke unanimaliza. Mkweo Masele hushinda shimoni akichimba dhahabu, akirudi ni kulala tu.

Mimba imefika mwezi wa tano. Nesi wa kliniki ametufundisha habari za kirutubisho kiitwacho kolini. Ini hutengeneza kidogo, hakitoshi, na mtoto anakichota kwa mama ajenge ubongo. Wataalamu walikiingiza mwaka jana tu kwenye orodha ya vile ambavyo lazima tule. Kipo kwenye maini, maharage, na hasa kiini cha yai. Maini huku ni ya kubahatisha. Mama, nile mayai?

Mwanao, Asteria

Samuye, Shinyanga
2 Machi 1999

Mwanangu,

Marahaba. Goti lile lile.

Mayai kwa mjamzito? Huo ni mwiko tangu kwa bibi zako. Limi dada yako alikula kwa siri, na wewe ndiwe uliyemshika mkono akikata roho na mtoto tumboni. Ukila, usiniite kwenye uzazi. Sina nguvu ya kuzika tena.

Mama yako

Nyarugusu
28 Machi 1999

Mama,

Shikamoo. Limi alikufa kwa kutokwa damu, gari likakosekana. Yai halikumuua.

Nimeanza kula, moja kila siku. Nikila nalia, maana naona nimekuasi. Njoo, mama. Naogopa kuzaa peke yangu.

Asteria wako

Nyarugusu
25 Aprili 1999

Mama, shikamoo. Kila basi la Shinyanga nauliza barua. Umenikasirikia kiasi hicho?

Mwanao

Samuye
20 Mei 1999

Asteria mwanangu,

Marahaba, marahaba tena. Sikukasirika. Nilikuwa nakula mayai.

Maisha yangu yote nimeyakusanya kwa ajili ya wageni na marehemu baba yako, mimi sijui hata ladha. Nikasema, kama yana kifo, kianze na mimi. Nimekula siku arobaini, peke yangu hapa jikoni. La kwanza nilitapika kwa woga. Sasa nayapenda, usicheke.

Najua sina mimba, na hilo si jaribio la kitaalamu. Lakini sikutaka uwe peke yako kwenye mwiko huu.

Jana nilikwenda kaburini kwa Limi kumwomba radhi. Nimemlaumu miaka sita.

Nakuja Jumamosi na kuku wawili wanaotaga. Mwambie Masele atengeneze banda.

Mama yako