Nyuzi za Mabawa

Mama Josepha,

Miezi mitatu nimeunda ule mfano wa ndege ya kale ya jeshi la majini, kwa vipande vya mninga na picha moja ya gazeti, wala sikutambua kwamba binti yetu alitamani kuushika.

Nimekwenda Itetemia kufundisha kisomo cha watu wazima. Maharage yako jikoni, ongeza maji.

Asubuhi nilikuta mabawa ya ndege, la juu na la chini, yamefungwa nyuzi za kuyakaza, zilizonyooka barabara, kazi iliyonishinda mimi.

“Mjomba Wenceslaus kanifundisha,” akasema Josepha. “Uzi unapakwa nta kwanza. Wewe, Baba, husema ‘usiguse’ tu.”

Wivu ukanipanda, nikazikata zote kwa wembe. Ameondoka kwenda shule bila kuniaga.

Kaka yako, huyo bingwa wa kila kitu, akifika na asali yake ya Sikonge, mpe chai. ~~Mwambie asiiguse tena ndege yangu.~~ Mwombe aniachie kipande cha nta. Akinicheka, mwache acheke.

Josepha akitangulia kurudi, mwambie nimekosa, nami nitamwambia mwenyewe jioni.

Nimeweka kiti cha pili kwenye meza ya kazi.

Baba Josepha