Siku Uliyokalia Bampa ya Gari Langu

Mpendwa Mama mkwe,

Shikamoo. Ulipokuwa hai nilikusalimia nikiwa nimechuchumaa pembeni ya uwanja, macho nimeyaelekeza kwenye mikorosho, utadhani ni mikorosho iliyoniozesha mke. Miaka kumi na minne ya ukwe, na sidhani kama maneno tuliyosemeshana yanajaza ukurasa. Leo nakuandikia moja kwa moja. Ukiona nimevuka mpaka nisamehe, heshima ni ileile, ila kalamu haijui kuchuchumaa.

Nataka tuikumbuke ile safari yetu ya kutoka Makote kwenda Masasi. Mwanao, Mama Neema, alikuwa amerudi kwako na mtoto mgongoni, na mimi nimebaki nyumbani kwetu Mkomaindo, palepale Masasi, na pikapu yangu na sufuria moja iliyoungua. Hakukuwa na mwanamke mwingine, wala pombe. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilikuwa sisikii. Akisema pumzika leo, nawasha gari. Akisema mtoto ana homa, baki, namwambia mzigo wa watu unanisubiri. Mwisho akachoka, akafunga virago.

Nilipokuja kumfuata hukunifokea. Ulimtuma mjomba wake aniambie kwamba mwanao hatoki mpaka wewe mwenyewe uende ukaone anakoishi, kisha urudi utoe neno. Na utakwenda kwa gari langu, siku hiyohiyo. Nikakubali, ingawa ndoa yangu yote ilikuwa mikononi mwako na nyumba ilikuwa haijafagiliwa wiki mbili.

Njia ya kwako wakati ule ilikuwa mchanga na mashimo matupu. Kwa hiyo nilipokuwa nakuja nilishafungua stebilaiza ya mbele, kile chuma kirefu kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Kwenye barabara nzuri ndicho kinachozuia gari lisilale kwenye kona. Kwenye mashimo kinageuka adui: gurudumu moja likipanda, kinalivuta na mwenzake, na abiria anarushwa mpaka kichwa kinagonga paa. Ukikifungua, kila gurudumu linashuka shimo lake lenyewe, gari linakwenda polepole na kwa adabu. Nililegeza nati mbili, nikakifunga chuma juu kwa kipande cha tyubu, nikawa naringa. Wewe ulikaa ukiegemea mlango, kuku wa zawadi ukamweka katikati yetu ndani ya kapu, na hukurushwa hata mara moja.

Tukafika Newala mjini, barabara ikawa nzuri. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama, niingie chini ya gari na kukirudisha chuma mahali pake kabla hatujaanza kuteremka kona za mlimani kuelekea Masasi. Lakini Mama, ningelalaje chali kwenye vumbi, miguu nje, shati limepanda mpaka kitovuni, na mkwe wangu amekaa juu yangu? Mimi nilikokulia, mtu akiona hata kanga ya mkwe imeanikwa anabadilisha njia. Nikajiambia nitakwenda taratibu, tutafika.

Kona ya kwanza gari lililala upande wako. Kona ya pili likalala upande wangu, kapu likaniangukia mapajani. Kona ya tatu nikakusikia unavuta pumzi. Ndipo ukafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu Makote, ukasema na kuku.

"Wewe kuku, hebu muulize Baba Neema, gari lake limelewa?"

Nami nikamjibu kuku. "Mwambie Mama kuna chuma sijakifunga."

"Muulize kwa nini hajakifunga."

"Mwambie naona haya kulala chini mbele yake."

Kisha ukamsahau kuku kabisa.

"Baba Neema, huo ni upumbavu. Simamisha gari."

Nikasimamisha. Ukashuka na kuku wako, ukavuka barabara, ukanipa mgongo na kuanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa, ili nijue uko palepale na hunitazami. Nikaingia chini. Upande wa kushoto ulikubali mara moja. Wa kulia ukakataa, bolti na tundu lake vimepishana upana wa kidole, na kilichotakiwa ni uzito mbele ya gari. Nilijaribu kulivuta kwa mikono mpaka jasho likaingia machoni. Hapakuwa na mtu mwingine karibu.

"Kuku," nikaita kutoka chini, "mwambie Mama namwomba akalie bampa."

Wimbo ukakatika. Nikaziona ndala zako zinavuka barabara, moja baada ya nyingine, bila haraka. Gari likazama, bolti ikaingia. Nikaanza kukaza nati, na hapo hapo bodaboda ikapunguza mwendo. Dereva wake aliona mama mtu mzima amekalia bampa na kuku mapajani, na chini yake imechomoza miguu ya mwanamume.

"Mama, mmepata ajali?"

"Hapana, baba. Pita zako."

Alipopita ukaanza kucheka. Ulicheka mpaka bampa ikatikisika, nikakisikia kicheko chako kinashuka kupitia kwenye vyuma mpaka kwenye spana mkononi mwangu. Na mimi nikacheka kulekule chini, mchanga mdomoni. Sijawahi kukwambia kwamba pale ndipo nilipoanza kukupenda.

Ulilala kwetu usiku mmoja, asubuhi ukapanda basi bila kuniachia neno. Siku ya tatu Mama Neema akarudi na mtoto. Tangu hapo nimetamba mbele ya kila kijana anayetaka kuoa. Nawaambia mimi nilimpata mkwe wangu kwa heshima, nilikuwa tayari kuanguka na gari kuliko kumvunjia adabu. Nilitamba hivyo mpaka wiki ile tuliyokuzika.

Wageni walipoondoka, tukiwa tunakunja mikeka, nikamwambia mwanao maneno hayohayo. Akauweka mkeka wake chini, akanieleza. Kumbe uliporudi Makote siku ile alikuuliza, "Nyumba umeionaje?" Ukamjibu:

"Nyumba sikuiangalia. Mume wako karibu atuue kwa haya zake. Lakini nilipomwambia ni upumbavu hakubisha, alisimama. Rudi kwako. Anasikia huyo, ila hajazoea."

Nilitoka nje nikaenda kukaa ndani ya gari, Mama, nikalia, na sioni aibu kukwambia. Miaka yote hii nimekuwa najisifia lile uliloliita upumbavu. Ulichokiona wewe kwangu mimi mwenyewe sikukijua, na ulimrudisha mwanao kwa ajili ya hicho kidogo tu. Asante. Ningekwambia ukiwa hai kama ningethubutu kukutazama usoni.

Kuzoea kwenyewe kumenichukua muda, hilo sitakuficha, na mwanao ana kesi kadhaa za kunisemea huko mtakapokutana. Ila sasa hivi ananiita nikale. Ameita mara moja tu, nakwenda.

Lala salama, Mama.

Mkweo,
Baba Neema